Wagonjwa wa Moyo Wasiopata Kuzaliwa

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kwa mgonjwa wa moyo kata hiyo ni daktari. Mbele yake mtu mzima huvua shati, akasema mambo ambayo hajapata kumwambia hata mkewe: kwamba usiku huamka akitafuta pumzi, kwamba vidonge vya presha aliviacha tangu mwezi uliopita, kwamba chupa bado iko chini ya kitanda. Daktari huyaandika yote katika jalada. Mgonjwa huvaa shati lake akarudi kazini, akiamini kwamba aliyoyasema yamebaki baina ya watu wawili.

Siku hizi amezuka msomaji wa tatu, naye ni mashine. Programu za akili bandia hufundishwa kusoma majalada ya wagonjwa, kukadiria hatari na kukumbusha dawa. Miongoni mwake zimo zile ziitwazo mawakala. Wakala haishii kujibu swali moja akanyamaza. Yeye hupewa kazi, akaenda mwenyewe kulifungua jalada, akatafuta kipimo cha damu, akalinganisha dawa hii na ile, kisha akaandika pendekezo kwa daktari. Hapo ndipo linapozuka swali linalomhusu kila mwenye jalada hospitalini: mawakala hawa wafundishwe na kujaribiwa kwa majalada ya nani?

Jibu mojawapo lililopatikana huko Marekani litamshangaza msomaji. Wapewe majalada ya wagonjwa ambao hawajapata kuzaliwa.

KUFUTA JINA HAKUTOSHI

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini lisichukuliwe jalada la kweli, likafutwa jina, likapewa mashine? Njia hiyo imejaribiwa tangu zamani, na historia yake haitulizi roho.

Mwaka 1988 takwimu za wagonjwa 303 wa moyo wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, ziliwekwa katika hazina ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, ili watafiti wazitumie kufundishia kompyuta. Zimo humo umri, jinsia, aina ya maumivu ya kifua, shinikizo la damu na kiasi cha lehemu katika damu. Wanafunzi wa pembe zote za dunia wamejifunza kwa takwimu hizo. Lakini maelezo yaliyoambatana nazo yanakiri jambo moja: majina ya wagonjwa na nambari zao za hifadhi ya jamii yalikuwamo hapo awali, na baadaye ndipo yalipoondolewa na mahali pake pakawekwa ya kubuni.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Katika miaka ya 1990 tume ya bima ya watumishi wa serikali katika jimbo la Massachusetts iliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wapatao 135,000 pamoja na jamaa zao. Majina yalikuwa yamekwisha kufutwa. Zilibaki tarehe za kuzaliwa, jinsia na nambari za eneo la posta. Latanya Sweeney, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, akaiweka kando ya kumbukumbu hizo. Gavana wa jimbo, William Weld, alikuwa mkazi wa mji huo. Watu sita katika orodha walizaliwa siku moja na gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu aliishi katika eneo lake la posta. Basi jalada la gavana likawa wazi, ilhali jina lake halikuandikwa popote.

Mwaka 2000 Bibi Sweeney alikadiria kwamba Wamarekani 87 katika kila 100 waweza kutambulikana kwa mambo hayo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta.

Ndugu askari, zingatia kwamba kumbukumbu zile zilikuwa za watumishi wa serikali kama wewe, na za wake, waume na watoto wao. Tena yakumbuke yaliyotokea Januari 2018. Kampuni moja ya programu ya mazoezi ilikuwa imechapisha ramani ya dunia yenye kuonyesha njia walizopita watu waliovaa saa za kuhesabia hatua na mapigo ya moyo. Ramani haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Lakini katika majangwa ambako hakuna miji, mistari ya mwanga ilionekana ikizunguka kambi za kijeshi, kwa kuwa askari walikuwa wakikimbia asubuhi na saa mkononi. Takwimu zisizo na majina zilisema mahali walipo.

MGONJWA AUMBWAVYO

Kwa sababu hizo wataalamu wa shirika la MITRE, shirika lisilo la faida nchini Marekani, walitengeneza programu iitwayo Synthea, na maelezo yake ya kitaalamu yakachapishwa mwaka 2017. Programu hiyo hutolewa bure, na yeyote aweza kusoma namna ilivyoandikwa. Kazi yake ni kuumba wagonjwa wa karatasi.

Haichukui jalada la mtu ikalibadilisha. Huanza na takwimu za jumla: katika mji fulani wanaishi watu wangapi, wenye umri gani, wa jinsia gani, na maradhi fulani huwapata wangapi katika kila 1,000. Kisha humzalisha mtu wa kubuni, ikamkuza wiki baada ya wiki. Wiki hii ana homa. Miaka kadhaa baadaye anaanza kuvuta sigara. Akifika makamo shinikizo la damu linapanda. Anakwenda zahanati, anapimwa, anaandikiwa vidonge. Siku moja yamkini atapata mshtuko wa moyo, na yamkini atakufa. Mwisho wake hubaki jalada kamili lenye tarehe, vipimo, dawa na hata gharama. Ili mtu asidhani kwamba huyo ni jirani yake, kwa kawaida programu huambatisha tarakimu na jina, kana kwamba mtu angeitwa Okello475 wa ukoo wa Mugisha312.

Mshtuko wa moyo wa mgonjwa huyo wa kubuni haupangwi kwa kubahatisha tu. Hesabu yake yatoka katika mji mdogo wa Framingham, huko huko Massachusetts. Mwaka 1948 watu 5,209 wa mji huo walianza kuchunguzwa na madaktari. Kila baada ya miaka michache walipimwa damu, moyo na uzito, wakaulizwa habari za sigara na mwenendo wa maisha, na waliokufa waliandikwa wamekufa kwa nini. Kutokana na uchunguzi huo dunia ilijifunza kwa hakika mambo ambayo leo kila muuguzi huyasema: kwamba shinikizo la juu la damu, lehemu nyingi na sigara humkaribisha mtu kwenye ugonjwa wa moyo. Mwaka 1971 watoto wa watu wale nao waliingizwa katika uchunguzi. Kutoka hapo zilitungwa kanuni za kukadiria hatari ya mtu katika miaka kumi ijayo, na kanuni hizo ndizo zilizotiwa ndani ya Synthea.

Hivyo basi, nyuma ya mgonjwa asiyekuwapo wako watu wa kweli waliojitolea mikono yao ipimwe kwa miaka mingi. Hakuna jalada lao hata moja linalotolewa. Kinachotolewa ni funzo lililopatikana kutoka kwao wote kwa pamoja.

RISASI BARIDI

Kuruta hapewi risasi za moto siku ya kwanza. Kwanza hujifunza kwa bunduki tupu, kisha risasi baridi, kisha shabaha ya ubao. Akikosea, mwalimu humkaripia, wala hakuna mama anayelia. Wakala wa akili bandia naye apaswa kupitia uwanja wa namna hiyo, na majalada ya kubuni ndiyo ubao wake wa shabaha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Wakala huagizwa, kwa mfano, kuwatafuta wagonjwa wote waliopata mshtuko wa moyo ambao hawajapewa dawa ya kuzuia damu isigande. Huomba majalada kutoka kwenye programu ya kuhifadhia. Majalada huja katika mpangilio uitwao FHIR, ambao hospitali nyingi za nchi zilizoendelea huutumia ili kompyuta ya hospitali moja ielewane na ya nyingine. Mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa kanuni ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ambayo kwayo wakala huunganishwa na hazina za habari kama vile taa inavyochomekwa katika soketi. Kwa hiyo programu yenye wagonjwa wa kubuni yaweza kuwekwa mahali pale pale ambapo siku moja itawekwa hazina ya wagonjwa wa kweli, na wakala asijue tofauti.

Faida yake ni kubwa. Mwalimu aweza kuomba wagonjwa kumi au elfu kumi. Aweza kuomba wazee wenye kisukari na moyo dhaifu. Akitumia namba ile ile ya kuanzia, iitwayo mbegu, atapata wagonjwa wale wale, hata aweze kumpima wakala wa leo na wa mwaka ujao kwa mtihani mmoja. Wakala akipendekeza dawa mbili zisizopatana, kosa huandikwa, halafu mafunzo yakaendelea. Hakuna aliyezikwa.

Wala msomaji asidhani kwamba makosa ni haba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitunga mtihani wenye kazi 300 za hospitali kwa ajili ya mawakala wa namna hii, wakauchapisha mwaka 2025. Aliyefaulu kuliko wote katika kundi la kwanza alikamilisha kazi zipatazo 70 katika kila 100. Kwa mwanafunzi wa shule hizo ni alama njema. Kwa muuguzi wa wodi ya moyo, kazi 30 zilizoharibika katika 100 ni msiba.

MAHALI AMBAPO KIVULI SI MTU

Hata hivyo haimkini tukamsifu mgonjwa wa kubuni bila kuzieleza kasoro zake. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wao juu ya wakazi wa kubuni zaidi ya 1,100,000 wa Massachusetts waliotengenezwa na Synthea, wakawalinganisha na takwimu za kweli za jimbo hilo. Katika Massachusetts ya kweli, wagonjwa 74 na ushei katika kila 100 wenye shinikizo la juu la damu walikuwa wamelidhibiti. Katika Massachusetts ya kubuni hakuwapo hata mmoja. Vivyo hivyo, waliobadilishiwa nyonga au goti hawakupata madhara yoyote, ilhali hospitali za kweli hupata karibu watu 3 katika kila 100 wenye madhara.

Maana yake ni nini? Mgonjwa wa kubuni anajua yale tu aliyofundishwa na mtengenezaji wake. Pale ambapo mtengenezaji hakuandika kwamba vidonge hushusha presha, presha haikushuka. Tangu wakati huo programu imeendelea kurekebishwa, lakini funzo limebaki pale pale: wakala aliyehitimu kwa wagonjwa wa kubuni amehitimu uwanja wa shabaha, bado hajaiona vita.

MOYO WA FRAMINGHAM NA MOYO WA GULU

Hapa sasa jambo hili linafika nyumbani kwetu Uganda. Watu wa Framingham walioanza kuchunguzwa mwaka 1948 walikuwa karibu wote wazungu, wakila chakula cha huko na kuishi maisha ya huko. Ugonjwa uliowamaliza zaidi ni ule wa mishipa ya moyo kuziba, unaowapata watu wa makamo na wazee. Kwetu ugonjwa huo upo, tena shinikizo la damu limeingia hata makambini. Lakini tunao mwingine ambao huanza utotoni.

Mtoto hupata maumivu ya koo yanayoletwa na vijidudu. Asipotibiwa, huenda akapatwa na homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba, na kinga ya mwili wake mwenyewe ikavishambulia vilango vya moyo. Homa huondoka, vilango hubaki na makovu. Miaka ikipita binti huyo huolewa, hushika mimba, ndipo moyo unaposhindwa kuibeba kazi ya watu wawili.

Huko Uganda ya Kaskazini, wataalamu wa Taasisi ya Moyo ya Uganda pamoja na wenzao wa nje waliwapima watoto na vijana 102,200 kwa mashine ya kupiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti. Wale waliokutwa na dalili za mwanzo, wenyewe wakiwa hawajisikii ugonjwa wowote, walialikwa kuingia katika majaribio yaliyofanyika Gulu, na 818 kati yao walihesabiwa katika matokeo. Nusu walidungwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Nusu hawakudungwa, ila waliangaliwa. Matokeo yalichapishwa Novemba 2021. Katika waliodungwa, ugonjwa uliongezeka kwa watoto 3 tu. Katika wasiodungwa, uliongezeka kwa watoto 33.

Msomaji na alitafakari jambo hili. Wakala aliyefundishwa kwa mioyo ya Framingham, akiletewa jalada la binti wa miaka 14 mwenye kuhema, atatafuta nini? Atatazama sigara, hazipo. Atatazama lehemu, ni kidogo. Atatazama umri, ni mdogo. Kwa kanuni zake binti huyo hana hatari, na atamrudisha nyumbani. Muuguzi wa zahanati ya kijijini, asiye na kompyuta, angemwuliza habari za koo na viungo kuvimba.

Kwa hiyo, endapo mashine hizi zitaletwa katika hospitali zetu, zikiwemo zile za jeshi na polisi, hapana budi ziulizwe swali ambalo hata kuruta huulizwa: umefunzwa wapi, na kwa shabaha zipi? Inafaa tuwe na wagonjwa wa kubuni waliotengenezwa kwa takwimu zetu wenyewe: vilango vyenye makovu, mimba juu ya moyo dhaifu, malaria pamoja na presha, na mgonjwa aliyechelewa kwa sababu hakuwa na nauli. Njia ya kuwatengeneza inajulikana, na programu ni ya bure. Kinachohitajika ni hesabu sahihi, na hesabu sahihi huanza katika kitabu cha zahanati kilichoandikwa vizuri.

FAIDA KWA ASKARI NA FAMILIA

Wako askari wanaoificha presha yao wakichelea kuondolewa katika orodha ya wanaokwenda kozi au safari. Hofu hiyo yaeleweka, kwa kuwa jalada likisomwa na asiyestahili laweza kumharibia mtu. Ndiyo sababu Uganda ilitunga mwaka 2019 Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na taarifa za afya zimewekwa katika fungu la zile zinazolindwa zaidi. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza taarifa zake zinatumika kwa kazi gani. Na aulize kwa adabu, pasipo woga. Kama kuna mashine inayojaribiwa, jibu jema kuliko yote ni hili: inajaribiwa kwa wagonjwa wa kubuni.

Ama nyumbani, mambo machache yafaa kushikwa na kila familia:

Mtoto akiwa na homa na maumivu ya koo, apelekwe zahanati, na dawa aliyopewa aimalize hata kama amepata nafuu siku ya pili.

Mtoto akivimba viungo, leo goti na kesho kifundo cha mguu, asisingiziwe uchovu wa kucheza. Amwone daktari upesi.

Kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu. Likipimwa zaidi ya mara moja na kuonekana 140 kwa 90 au zaidi, hilo ni la juu, nalo huua bila kupiga hodi. Vidonge haviachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri; yamkini anajisikia vizuri kwa sababu anavimeza.

Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya mboga.

Kitabu cha zahanati kitunzwe mahali pakavu, wala kisipigwe picha yenye jina na kutumwa ovyo katika simu, hata kwa programu inayojitangaza kuwa ni daktari.

Mwisho, msimfiche daktari. Mficha maradhi kilio humfichua, na hakuna mashine wala mganga awezaye kutibu asichoambiwa. Mgonjwa wa kubuni ameumbwa ili abebe makosa ya wanafunzi kwa niaba yetu, na kwa hilo anastahili shukrani. Lakini yeye akifa usiku wa leo, kesho mtu atabonyeza kitufe na mwingine atazaliwa. Koplo mwenye watoto wanne hana wa kumbadili. Basi aende akapimwe.